Balozi wa Salamu Kutoka Migosi

Mwaka wa 1987 mji wa Kisumu ulikuwa na Absalom wawili, na wote wawili walilala kwenye kitanda kimoja cha futi tatu, mtaa wa Migosi, nyumba ya tatu kutoka kwenye bomba la maji.

Wa kwanza alikuwa karani wa magunia. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni mwa ghala moja la mahindi kule Mamboleo, penseli sikioni, akihesabu magunia yakiingia asubuhi na kuyahesabu yale yale yakitoka jioni. Alikuwa na miaka thelathini na minne, kimo cha mtu ambaye Mungu alimkatiza kabla ya kumaliza, na sauti nyembamba ajabu. Wapakiaji walimwita Firimbi. Akipaza sauti, "Hamsini na mbili!" mbwa wa jirani walisimamisha masikio.

Wa pili alikuwa Balozi. Huyo alikaa ndani ya redio.

Enzi hizo kulikuwa na kipindi cha salamu kila alasiri. Unanunua kadi, unaandika jina lako, ulipo, na orodha ya watu unaotaka kuwasalimia. Unaitia posta. Kisha unakaa wiki tatu umeiinamia redio kama mgonjwa anayengoja majibu ya damu. Siku mtangazaji akikusoma, nchi nzima inakujua. Hukuimba, hukucheza mpira, hukugombea kiti. Umesalimia tu!

Kadi yake ya kwanza Absalom aliandika, "Absalom, karani, Mamboleo." Ikasomwa haraka haraka kama tangazo la ng'ombe aliyepotea. Ya pili akaandika, "Bwana Absalom, Ofisi Kuu, Mamboleo." Mtangazaji akapunguza mwendo. Ya tatu ndiyo iliyomponza: "Mheshimiwa Balozi Absalom wa Ziwa Kuu, nikiwa kwenye kiti changu cha kuzunguka, Migosi, Kisumu."

Loo! Mtangazaji yule alikuwa na sauti nzito iliyotokea mahali fulani chini ya mkanda wa suruali. Aliisoma kadi ile kama askofu anayemtawaza mfalme. "Ba-lo-ziii! Absaaalom! Wa Ziwaaa! Kuuu!"

Na kiti hakikuwa uongo. Kilikuwa kinazunguka kweli, kwa sababu mguu mmoja ulikuwa mfupi.

Basi huko Sondu mwalimu mmoja wa shule ya msingi, jina lake Nelima, akasikia. Nelima alikuwa katibu wa Chama cha Wasalimiaji cha Sondu, naye hakuchelewa. Wiki tatu baadaye redio ikanguruma: "Mwalimu Nelima wa Sondu anamsalimia Balozi Absalom, na ujumbe wake ni huu: sauti yako inanifikia mpaka kwenye mifupa."

Absalom alivuta kiti akaiinamia redio kabisa. Mama yake alikuwa ameacha kumwuliza ataoa lini. Siku hizi aliandika tu kuuliza kama bado yu hai. Sasa hapa palikuwa na mwanamke msomi, mwenye mifupa, na mifupa hiyo imefikiwa! Furaha ilimfanya asahau jambo moja dogo, kwamba sauti ile haikuwa yake.

Wakasalimiana hewani mwaka mzima na nusu. Nchi ikawazoea. Watu wa Lodwar na watu wa Lamu walikuwa wakiulizana, "Balozi amemjibu Mwalimu?" Hawa wawili walikuwa hawajaonana hata kwa mbali.

Halafu akaja Waliaula.

Waliaula alikuwa mwandishi na mpiga picha wa jarida moja la Nairobi lililoitwa Sura na Sauti. Alifika ghalani siku ya Jumanne, kamera kifuani, jasho mgongoni.

"Namtafuta Balozi Absalom," alisema.

"Ni mimi."

Waliaula akatazama nyuma ya Absalom kuona ni nani aliyesema.

"Ni mimi, bwana," Absalom akarudia.

Mgeni akaketi juu ya gunia, akajifuta uso. "Ndugu yangu," alisema polepole, "nimetoka Nairobi na treni mpaka hapa. Mhariri amenitengea kurasa mbili. Siwezi kurudi na picha ya magunia."

"Lakini mimi ndiye Absalom. Nina kitambulisho."

"Kitambulisho weka. Wasomaji wetu wamekuona tayari, huko kwa akili zao. Ni mrefu, ana suti, ana gari. Mimi sikuja kukupiga picha wewe. Nimekuja kumpiga picha yule waliye naye akilini."

"Sasa mimi nitakaa wapi?"

"Wewe simama hapo karibu tu."

Kwanza walikwenda Kaloleni kwa Mzee Yahya, fundi wa nguo. Mzee Yahya alikuwa na suti ya kijivu iliyokuwa ikimngoja bwana harusi mmoja wa Ahero. Kwa ajili ya sifa za mji, akakubali kuiazima.

"Absalom, mwanangu," alisema, akimfunga vifungo mwenyewe, "usikae nayo, usiiname nayo, na usipumue sana."

Suruali ilimzidi shubiri nzima. Waliaula akasema si neno, balozi huanzia magotini kwenda juu.

Wakaingia studio ya Saleh, ile iliyochorwa maghorofa ya Ulaya ukutani. Absalom akasimamishwa juu ya kreti ya soda, akavalishwa miwani isiyo na vioo, akapewa mkono wa simu. Waya wa simu ile ulitoka kwenye mkono wa simu na kuishia mfukoni mwake.

"Tazama pale juu," Saleh alimwelekeza, "kama mtu amekumbuka kitu kubwa."

Absalom akatazama juu. Hapo hapo akakumbuka kwamba ameacha mlango wa ghala wazi. Uso ukajaa mawazo mazito ya kitaifa.

"Usitingishike!" Waliaula alipiga kelele. "Yawa, huyu mtu alizaliwa kwa kazi hii!"

Ilibaki gari. Karibu na Posta palikuwa na Peugeot nyeupe, imeng'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu kwenye mlango wake. "Egemea," Waliaula alisema. Absalom akaegemea. Mara sauti ikatoka ng'ambo ya barabara kama bomu.

"Wewe! Toa makalio yako kwa gari yangu!"

Mwenye gari alikuwa anakuja mbio, mtu wa kitambi, gazeti amelikunja mkononi kama rungu. Absalom akainua mkono kujikinga. Kamera ikalia: kacha!

Walikimbia mpaka Jubilee Market bila kugeuka. Hapo, wakihema nyuma ya kibanda cha mboga, Waliaula akatoa daftari ili afanye mahojiano.

"Chakula gani unapenda?"

"Ugali na omena."

Waliaula akaandika: Huvutiwa na vyakula vya majini.

"Unaishi na nani?"

"Peke yangu. Chumba ni moja."

Hupenda faragha.

"Una gari?"

"Gari nitoe wapi? Mimi naenda na mguu."

Huthamini sana mazoezi ya mwili.

"Unaongea lugha ngapi?"

"Kiluo. Kiswahili, ni hii unasikia. Na Kizungu kidogo, ile imeandikwa kwa gunia."

Lugha sita.

"Sita?" Absalom alishtuka.

"Nimeweka na zile utajifunza."

Kisha Waliaula akasimamisha kalamu, akamtazama kwa huruma. "Na hiyo sauti yako... Bahati yetu gazeti haitoi sauti."

Jarida lilitoka mwezi uliofuata. BALOZI AJITOKEZA! Kurasa mbili, herufi nene. Absalom alimwona Balozi kwanza kwenye meza ya muuza magazeti, na kusema kweli hakumfahamu. Mtu yule alikuwa mrefu, mtulivu, nyuma yake maghorofa. Kwenye ukurasa wa pili alikuwa ameegemea Peugeot, mkono juu, na chini ya picha imeandikwa: "Balozi akiwapungia mashabiki wake, huku dereva wake mwaminifu akikimbia kumfungulia mlango."

Akasoma kurasa zote mbili amesimama. Alipomaliza alimwonea wivu mtu yule, wivu wa kweli wa kuumiza tumbo. Absalom mwenyewe ndiye anayeisimulia sana habari hii siku hizi, na akifika hapo hucheka mpaka akohoe. "Nilijiuliza," husema, "huyu mtu mkubwa hivi amefanya nini na mimi sijafanya?"

Lakini wivu ulipopoa kikaja kiburi. Akaanza kutembea polepole. Akaanza kuwaitikia watu kwa kidevu. Pale ghalani alianza kuhesabu magunia kwa kuyanyooshea kidole kimoja tu, kana kwamba anayapa viza.

Barua ikafika kutoka Sondu. Chama cha Wasalimiaji kinamwalika Mheshimiwa Balozi kuwa mgeni wa heshima, Jumamosi, saa nane mchana, katika uwanja wa shule. Chini kabisa, kwa wino mwekundu wa kusahihishia madaftari, Nelima alikuwa ameongeza: "Mimi binafsi ninakungoja."

Absalom aliusoma mstari ule mpaka wino ukaanza kumshika vidoleni. Akaamua. Atakwenda, atamposa, mambo yaishe.

Alikwenda mbio Kaloleni. "Mzee Yahya, ile suti!"

"Suti imeoa," alisema Mzee Yahya bila kuinua macho kwenye cherehani. "Jumamosi iliyopita. Sasa iko Ahero na bibi yake."

Basi akavaa koti lake mwenyewe la kahawia, lile ambalo kiwiko kimoja kilikuwa na kiraka na cha pili kilikuwa kinakingojea. Usafiri aliupata kazini. Lori lililopeleka mahindi Kericho lilipitia Sondu, na dereva akamruhusu akae juu ya mzigo. Aliposhuka, mvumo wa lori ukiwa bado masikioni, alikuwa na vumbi la kutosha kupanda viazi kwenye kola.

Alijikung'uta akaifuata njia ya shule. Mbele yake akaona kitambaa kimetandazwa kati ya miti miwili: KARIBU MHESHIMIWA BALOZI. Watoto wa kwaya wamejipanga pande zote mbili za njia, akina mama wameshika matawi, wazee wamekaza tai. Shingo zote zimegeukia barabara kuu.

"Mzee, toka kwa njia!" mama mmoja alimfokea. "Balozi anakuja!"

Absalom akatoka njiani. Na hili hulisema mwenyewe, hasingiziwi: aligeuka akatazama barabarani pamoja na wengine, aone kama gari linakuja.

Baada ya kusimama hivyo kwa dakika nzima, akili ikamrudia. Akamwendea mwenyekiti wa chama, Mzee Joram, mtu mwembamba mwenye kofia na fimbo.

"Mzee," alisema, "ni mimi."

Vumbi na hofu vilikuwa vimeibana ile sauti ikawa nyembamba zaidi ya kawaida. Mtoto mmoja wa kwaya alidhani ndiyo noti ya kuanzia, akaanza kuimba.

"Ni wewe nani?" Mzee Joram aliuliza.

"Balozi."

Mzee Joram hakucheka. Alitoa Sura na Sauti kwapani, akalifungua, akaishikilia ile picha kando ya uso wa Absalom. Akatazama hapa, akatazama pale. Watu wakazunguka. Wengine wakamgeuza Absalom upande, wengine wakamwambia avue kofia, na hakuwa na kofia.

"Huyu hata kwa bega ya Balozi hafiki," akasema mmoja.

"Miwani iko wapi?"

"Na dereva? Hata dereva simwoni."

"Halafu sikia hiyo sauti!" alisema Mzee Joram. "Balozi ana sauti kama radi. Sisi sote tumemsikia kwa redio!"

"Ile ni sauti ya mtangazaji," Absalom akajitetea. "Mimi naandika tu kadi."

Mzee Joram akamsogelea. "Unataka kusema redio inadanganya?"

"Hapana, mzee, lakini..."

"Na gazeti pia inadanganya?"

Hapo mtu fulani nyuma akasema neno baya kuliko yote: "Huyu ni tapeli. Mpelekeni kwa chifu!"

Mikono miwili ikashika koti la kahawia. Ile sehemu ya kiwiko iliyokuwa ikingojea kiraka ikakoma kungojea. Absalom akajiona ndani ya seli ya chifu, ameshtakiwa kwa kosa la kujifanya Absalom.

"Ngojeni kidogo."

Watu wakapisha, na aliyesema akapita. Mwanamke mrefu, gauni la samawati, chaki kwenye mkono wa nguo, uso mpole uliozoea kusubiri watoto wamalize kukosea. Absalom hakuhitaji kuambiwa. Ndiye Nelima. Alikuwa mzuri kuliko kadi zake zote.

Nelima akamtazama kuanzia nywele za vumbi mpaka viatu vya vumbi. Hakukunja uso. "Msimwonee," alisema. "Huyu baba amechanganyikiwa tu na safari. Baba, ni Balozi amekutuma, sivyo?"

Absalom alifungua mdomo. Upande huu palikuwa na ukweli, na mikono miwili kwenye koti. Upande ule palikuwa na mlango mdogo aliofunguliwa na mwanamke ambaye yeye alikuja kumposa. Akaingia mlangoni.

"Ndiyo, Mwalimu," alisema. "Nimetumwa."

Watu wote wakashusha pumzi. Mikono ikaachia koti.

"Sasa mwenyewe yuko wapi?" Mzee Joram aliuliza.

"Ameitwa Nairobi. Jambo ya serikali."

"Aaah!" Makofi! Mtu mkubwa asiyefika ni mkubwa zaidi kuliko anayefika. Wakamzonga kwa maswali. Ni kweli Balozi anajua lugha sita? "Sasa ni saba," alisema Absalom. Ni kweli hana mke? "Wanawake wanamsumbua, lakini anangoja mwalimu mmoja," akasema, akimtupia Nelima jicho. Nelima akainamisha uso akitabasamu. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, maneno ya Absalom yalimfanya mwanamke atabasamu hivyo, na tabasamu lenyewe likampita juu ya kichwa likaenda Nairobi.

Sherehe ikaendelea. Mezani palikuwa na kiti cha heshima, kimefunikwa kitambaa cha kufuma. Kwa kuwa Balozi hayupo, jarida likawekwa juu ya kiti, limefunguliwa penye picha na kuvalishwa shada la maua. Kwaya ikaliimbia. Mzee Joram akalisomea risala, akalipigia saluti. Nelima naye akasimama akatoa hotuba, macho yake kwenye kurasa zile mbili, akisema jinsi sauti moja inavyoweza kumpa mtu moyo wa kuamka asubuhi. Absalom alikuwa ameketishwa mwisho wa benchi, karibu na masufuria, akimtazama bila kupepesa.

Chakula kikaja. Sahani ya kwanza, kuku wa kienyeji amejaa mchuzi, ikawekwa mbele ya jarida. Sahani ya mjumbe ilikuwa na shingo na ugali wa pembeni ulioungua kidogo.

Absalom alikuwa hajala tangu asubuhi. Alitazama kuku akipoa mbele ya picha yake mwenyewe. Alivumilia. Watu walipogeukia ngoma, alijisogeza, akachukua kipande, akakila. Akachukua cha pili. Cha tatu kikamshinda kujizuia. Alipofika kwenye paja, paah! Fimbo ya Mzee Joram ikatua kwenye vidole.

"Wewe! Hiyo ni ya Balozi!"

Sherehe ilipokwisha wakamkabidhi zawadi ya Balozi, jogoo mzima mwekundu, amefungwa miguu. Nelima akaja mwisho kabisa na bahasha iliyofungwa kwa gundi.

"Mpe mwenyewe mkononi," alisema. "Na usifungue, tafadhali. Ni ya siri."

"Mwalimu..." Absalom alianza. Alikuwa amejiandaa, safari hii kwa kweli. Alitaka kusema kwamba mtu wa gazeti alimsimamisha juu ya kreti, kwamba waya wa simu uliishia mfukoni, lakini zile kadi aliziandika yeye, kila moja, kwa mkono huu wenye mchuzi.

"Ndiyo, baba?"

"Safari njema," alisema Absalom.

"Ni wewe unasafiri," alisema Nelima.

Lori lilimpitia likirudi tupu. Hakuweza kungoja afike Migosi. Akaweka jogoo katikati ya miguu, akaifungua bahasha kwa meno.

"Mheshimiwa Balozi," Nelima aliandika, "tumesikitika kukukosa, lakini tunaelewa kwamba nchi ina haja nawe kuliko sisi. Mimi nitaendelea kungoja, hata ikiwa miaka. Nina ombi moja tu, na sisemi kwa ubaya. Yule mjumbe wako. Amekuja mchafu, amekula nyama iliyotengwa kwa heshima yako, na muda wote wa hotuba yangu alinikodolea macho mpaka nikasahau maneno. Mtu wa hadhi yako anaharibiwa jina na watu kama hao. Kama kweli unanijali, mfute kazi."

Absalom aliisoma mara mbili. Jogoo akamtazama. Akaisoma mara ya tatu, na hapo kicheko kikamtoka, chembamba, kirefu, mpaka dereva akasimamisha lori akidhani breki zimeharibika.

Jumatatu aliketi kwenye kiti chake cha Migosi, akachukua karatasi safi, akaandika kwa mwandiko wa mtu mkubwa.

"Mpendwa Mwalimu Nelima, nimeyapokea malalamiko yako kwa uzito. Yule mtu nimemfuta kazi leo, saa nne asubuhi. Alilia sana, lakini sikurudi nyuma."

Akaikunja. Kisha akakaa pale akimwonea huruma yule mjumbe. Hakuwa mtu mbaya. Alisafiri juu ya magunia, akachanwa koti, akapigwa vidole, na kati yao wawili ni yeye aliyempenda yule mwalimu kweli. Balozi hata hakumwona. Kumfuta hivyo, bila hata notisi ya mwezi mmoja!

Lakini barua ilibidi ifike. Aliyeipeleka Posta ni mjumbe yule yule, maana Balozi hakuwa na mtu mwingine.